Mwanangu, kabla hujajaza fomu ya ubingwa

Mwanangu,

Umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja: daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso anafanya kazi gani hasa, na mwisho wa mwezi anabaki na shilingi ngapi. Una DDS, yaani shahada ya udaktari wa meno, utarajali umeumaliza, barua ya ajira ya Daktari wa Kinywa na Meno Daraja la II, skeli ya TGHS E (ngazi za mishahara ya watumishi wa afya serikalini), unayo mkononi, na wenzako wanakushawishi urudi Muhimbili kusomea ubingwa. Naanza na kazi, maana pesa ukiihesabu bila kuijua kazi yake utakosea hesabu.

Leo ukikwama unaandika rufaa. Ukiwa bingwa, rufaa hiyo inakuja kwako na nyuma yako mara nyingi hakuna mtu.

Chukua mgonjwa aliyevimba chini ya taya pande zote mbili, ulimi umeinuka, mate yanamdondoka, kulala chali hawezi. Hiyo ni anjina ya Ludwig. Chanzo chake kwa kawaida ni gego la pili au la tatu la chini. Mizizi ya magego hayo inashuka chini ya pale msuli wa sakafu ya mdomo ulipojishikiza kwenye taya, kwa hiyo usaha ukitoboa mfupa unaingia shingoni moja kwa moja. Kinachomuua mgonjwa huyu haraka ni kukosa hewa. Kazi ya bingwa ni kumwacha akae wima, kumwita mtaalamu wa usingizi mapema, na kuamua njia ya hewa ipitie puani, mdomoni au kwa kutoboa koo, kabla mtu yeyote hajashika kisu. Ndipo afungue nafasi zote zilizovimba kwa pande zote, aache mirija ya kutolea usaha, ang'oe gego lenyewe, na aandike dawa za mshipani zinazofika hadi kwa bakteria wasiohitaji hewa. Wagonjwa hawa hupotea kwa makosa mawili: kupewa vidonge na kurudishwa nyumbani, au kulazwa chali kwa ajili ya picha ya CT wakati koo limeshabana.

Kisha kuna taya zilizovunjika, na kwa bodaboda zetu hizi wodi haikosi. Bingwa anapanga meno yakutane kama yalivyokuwa kabla ya ajali, halafu ndipo anafunga mfupa, ama kwa pleti ndogo na skrubu, ama kwa kufunga taya la juu na la chini kwa waya wiki 4 hadi 6. Ukianza na mfupa ukayaacha meno, picha itatoka nzuri na mgonjwa hatatafuna. Aliyefungwa waya lazima koleo la kukatia liwe kando ya kitanda chake, na nesi wa usiku aonyeshwe waya zipi akate. Akitapika mdomo umefungwa, hakuna muda wa kutafuta ufunguo wa kabati. Halafu hesabu meno. Jino ambalo halipo mdomoni na hakuna aliyeliokota, piga picha ya kifua, huenda limeingia mapafuni.

Watoto nao. Mtoto kaanguka kwa kidevu, kidonda kimeshonwa, kaondoka. Hakuna aliyepapasa mbele ya masikio yake, na kichwa cha taya kimevunjika. Baada ya miezi mdomo haufunguki tena, kiungo kimeganda, na taya linaacha kukua vizuri. Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu kinga yake ni vidole viwili na dakika moja: papasa viungo, mwambie afungue mdomo, tazama kama kidevu kinapinda upande. Mtoto wa namna hii hafungwi waya kwa wiki nyingi kama mtu mzima. Anaanzishwa mazoezi ya kufungua mdomo mapema.

Uvimbe wa taya utauona sana, hasa ameloblastoma. Hauumi, unakua polepole, ndiyo maana watu huja uso umeshabadilika. Ukiukwangua tu mara nyingi unarudi, kwa hiyo taya hukatwa pamoja na sentimita 1 hadi 2 za mfupa usio na ugonjwa kila upande, kisha pengo linajengwa upya kwa pleti nene na mfupa wa nyonga. Pengo likizidi sentimita 6 hivi, mfupa wa nyonga uliopandikizwa bila mishipa yake ya damu huelekea kufa, na hapo unahitajika mfupa mwembamba wa mguu ukiwa na mishipa yake. Kabla ya yote hayo kuna kinyama cha maabara, kipande cha uvimbe kinachopelekwa kupimwa: formalini ya 10%, ujazo mara 10 ya kinyama chenyewe, jina na upande vimeandikwa kwenye chupa. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi kinaoza njiani, na wiki tatu za kusubiri majibu zimepotea.

Midomo iliyopasuka ya watoto wachanga, mifupa ya mashavu, magego yaliyokwama, hayo utayakuta pia. Yasiyosimuliwa na mtu ndiyo yanayokula muda: raundi, kliniki, kufundisha watarajali, ridhaa ya mgonjwa inayoeleza wazi kwamba mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi, na ile hesabu ya kitambaa kinachowekwa kooni kuzuia damu isishuke wakati wa upasuaji. Kinaingia, kinaandikwa ubaoni. Kinatoka, kinafutwa, kabla mgonjwa hajaondolewa mpira wa hewa. Waya nazo zinatoboa glovu kila siku. Chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu, mwezi 0, 1 na 6, uwe umeimaliza kabla hujaanza. Ukichomwa, dawa za kinga ya VVU zianze mara moja, zisivuke saa 72.

Sasa mshahara.

Serikalini bingwa anaanzia ngazi ya juu kuliko yako ndani ya TGHS. Anayeajiriwa na chuo kikuu cha umma kama mhadhiri hulipwa kwa skeli ya PUTS na bado anaona wagonjwa. Ila herufi ya skeli isikushughulishe kuliko karatasi ya mshahara. Tuhesabu kwa mfano tu, mshahara wa 3,000,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua 5%, yaani 150,000. Kodi inakokotolewa kwenye 2,850,000 zinazobaki: milioni ya kwanza inabeba 128,000, na kila kinachozidi kinakatwa 30%, yaani 555,000. Jumla ya kodi 683,000. Bima ya afya 3%, 90,000. Mkopo wa elimu ya juu 15%, 450,000. Makato yote 1,373,000, unabaki na 1,627,000. Ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi kinachokata 2%, toa 60,000 nyingine. Kumbuka na sheria ya theluthi: mshahara unaobaki usishuke chini ya theluthi moja, yaani 1,000,000 kwa mfano huu. Kwa hiyo benki ikikuchekea kwa mkopo mkubwa, nafasi yako halisi ya rejesho ni hiyo laki sita na kidogo, tena kabla hujala.

Juu ya hapo kuna posho ya kuitwa kazini na ya saa za ziada. Nyingi hutegemea mapato ya hospitali yenyewe, kwa hiyo huchelewa, na mwezi mwingine haziji. Usizipangie kodi ya nyumba.

Hapa ndipo wengi wanapoumia, nisome taratibu: MDent, ile shahada ya uzamili ya ubingwa wa meno, peke yake haibadilishi mshahara wako. Utasoma miaka 3 hadi 4 kutegemea fani, utarudi, na utaendelea kulipwa kama daktari wa kawaida mpaka mwajiri akubadilishie kada. Kubadilishiwa kada kunataka nafasi iwe kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na fedha iwe kwenye bajeti ya mishahara, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kwa hiyo kwanza uwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri na uondoke na ruhusa ya maandishi. Aliyeondoka bila ruhusa hana pa kusimamia akirudi. Ukiwa mwaka wa mwisho, mwandikie mwajiri barua kwamba unarudi na ubingwa gani, ili akuombee nafasi kabla bajeti haijafungwa. Ukifaulu, sajiliwa kama bingwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha peleka nakala zilizothibitishwa na ubaki na nakala yenye muhuri wa masijala. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa haitakusaidia siku ya kudai.

Hospitali binafsi zinalipa kwa namna tatu: mshahara, kwa siku, au asilimia ya mapato. Asilimia ndiyo yenye mtego. Tuseme kofia ya jino inatozwa 400,000, maabara ya meno inachukua 120,000, na mmekubaliana 40%. Ikipigwa kabla ya kutoa gharama unapata 160,000. Ikipigwa baada, 112,000. Mkataba useme ni ipi. Useme pia dai la bima likikataliwa nani anabeba hasara, maana wewe umeshafanya kazi na fundi wa maabara ameshalipwa. Ukilipwa kwa siku kama mshauri unakatwa kodi ya zuio 5%, lakini haijamaliza deni lako kwa TRA, mamlaka ya mapato. Ritani ya mwaka bado ni yako. Na mchango wa NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, hakuna atakayekuwekea. Mwajiriwa wa mshahara na mwajiri wake wanachanga 20% kwa pamoja.

Kufungua kliniki yako kungoje kwanza. Kiti, kompresa na otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa) vinanunulika kwa mkopo, lakini mashine ya eksirei bila leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki huruhusiwi kuiwasha, na kwa fani uliyoitaja kazi kubwa inahitaji chumba cha upasuaji, damu na mtu wa usingizi, vitu ambavyo kliniki ya mtaani haina. Kama moyo wako uko kwenye kiti na kuziba meno, somea urejeshaji wa meno, utajitegemea mapema zaidi. Kama uko kwa yule mgonjwa asiyeweza kulala chali, nenda kwenye upasuaji ukijua simu ya saa nane usiku ni yako.

Fomu ya ruhusa ya masomo ikitoka, usisaini. Nipigie picha kurasa zote unitumie, hasa kifungu cha miaka utakayotakiwa kumtumikia mwajiri ukirudi, na kile cha kiasi utakachorudisha ukiondoka kabla haijaisha.

Mama yako