Breka haikati bure

Wanaonunua nyumba huku Mbeya huniita mimi fundi umeme mwisho kabisa, wakishamaliza vigae, jipsamu na hati. Nikifika swali langu la kwanza ni moja: maji ya moto ya kuoga mnayapataje? Wengine hucheka. Lakini kwa baridi letu la Juni na Julai, nyumba nyingi zilifungwa umeme kwanza, hita ya bafuni ikaja baadaye kwa kuungaunga, na madudu mengi ninayoyakuta kwenye boksi la breka, zile swichi zinazokata umeme zenyewe ukizidi, yanaanzia hapo.

Kuna mama aliniita Uyole, hela iko tayari mkononi. Nyumba safi, rangi bado inanukia. Nikazima mein swichi, nikafungua kifuniko. Breka ya bafuni ilikuwa ya ampea 40. Waya uliotoka chini yake ni wa mbili na nusu (unene wa shaba kwa milimita za mraba), ule ule wa soketi. Nikaukunja kidogo karibu na skrubu, plastiki yake ikavunjika kama ganda la karanga. Shaba ndani ilikuwa nyeusi.

Mwenye nyumba wala hakuficha. "Ile ya kwanza ilikuwa inakata kila mtu akioga. Fundi akaniwekea kubwa, haijasumbua tena."

Haisumbui, ndiyo. Hita ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 24. Breka ya 20 iliyokuwepo mwanzo ilikuwa inasema kweli, wakaibadilisha kwa sababu ya kelele zake. Ya 40 ikiona 24 inanyamaza tu, na waya unaendelea kupikwa ndani ya ukuta. Pale palitakiwa waya wa sita kutoka kwenye boksi moja kwa moja mpaka bafuni, na breka ya 32.

Kwa hiyo ukienda kuangalia nyumba, soma namba za breka, hazihitaji bisibisi. Taa, 6 au 10, kwa waya wa moja na nusu. Soketi, 16 au 20, kwa mbili na nusu. Ukikuta 32 kwenye soketi usikimbilie kumtukana fundi: zipo zilizofungwa kwa mzunguko, waya unatoka kwenye boksi, unapita soketi zote na kurudi pale pale, ndiyo maana utakuta ncha mbili chini ya breka moja. Ila ncha mbili kwenye breka ya taa, moja ikielekea banda la kuku, hiyo ni habari nyingine.

Weka kiganja juu ya kifuniko wakati pasi au jiko linatumika. Joto la kuhisika, harufu ya plastiki, alama ya kahawia pembeni ya breka: mara nyingi ni skrubu iliyolegea. Tazama pia nafasi zisizo na breka kama zimezibwa. Mijusi hupenda sana joto la mle ndani, na nimeshakuta zaidi ya mmoja aliyekauka katikati ya laivu na nyutro.

Kufungua ndani mwachie fundi mwenye leseni. Hata mein swichi ikizimwa, nyaya zinazotoka kwenye mita ya LUKU kuingia juu yake bado zina umeme.

Halafu ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Wapangaji wengi wanajua bomba la bafu linalowasha vidole, na jibu wanalopewa ni "vaa ndala ukioga". Ndala! Breka yenye kitufe cha T, ile ya kukata umeme ukivuja, kitufe kikibonyezwa lazima ikate, isipokata, ibadilishwe. Lakini hata ikikata usidhani ethi ipo, kwa sababu kitufe kile kinajipima chenyewe, hakipiti kwenye ethi. Ethi inapimwa kwa mita ya fundi, na inaanza kwa kutoka nje kuangalia.

Pale Uyole nilitoka nje na yule mama. Waya wa kijani na njano ulishuka ukutani vizuri, ukaingia kwenye maua, ukaishia hapo, ncha imekatwa na fyekeo. Nondo yake ilikuwa hatua moja mbele, chini ya majani, haijashikana na kitu. Mama akaikanyaga kwa ncha ya kiatu, akaniuliza waya wa sita unauzwaje mita moja.