Kabla Hujailowesha Mbegu ya Mmea wa Mitungi, Ijue Kwao

Wadogo zangu mnaoanza kuotesha mimea ya mitungi, ile inayonasa wadudu kwa majani yenye umbo la mtungi, karibuni sana. Nawaandikia kwa sababu nimetumiwa tena picha ya mbegu za Nepenthes, mmea wa mitungi wa tropiki, zilizolazwa ndani ya friji, kwenye sfagnamu (kuvumwani ya mabwawani) iliyolowa, na mwenye nazo ananiuliza kwa furaha azibakize humo wiki ngapi. Swali hilo huniuma kila ninapolisikia. Aliyeuliza amejitahidi, amesoma, amenunua sfagnamu nzuri, ameandika na tarehe kwenye mfuko. Na mimi ndiye wa kumwambia kwamba mbegu alizozitafuta kwa muda mrefu huenda zimeshakufa.

Trei, perlaiti na kipima TDS mnavijua, kwa hiyo sitavieleza. Nitayaeleza yale ninayoyaona yakirudiwa.

1. Uliza mbegu inatoka wapi.

Tunaposema "mmea wa mitungi" tunataja koo kadhaa zisizo na udugu wa karibu, zilizofikia tu njia moja ya kunasa wadudu. Nepenthes ni watu wa tropiki: Borneo, Sumatra, Ufilipino, na magharibi ya Bahari ya Hindi wapo Madagaska na Ushelisheli. Wengine huishi mabondeni kwenye joto la mchana na usiku, wengine milimani ambako usiku hupoa sana, lakini hawana miezi mirefu ya kulala chini ya theluji. Sarracenia ni wa Amerika ya Kaskazini. Sarracenia purpurea anafika mpaka Kanada, na huko ndilo ua rasmi la jimbo la Newfoundland na Labrador. Darlingtonia ni wa California na Oregon. Cephalotus kwao ni pembe ya kusini-magharibi ya Australia tu, hana kwingine. Heliamphora wanatoka kwenye milima yenye vilele bapa ya Venezuela na nchi jirani.

Mtu akiniuliza "mbegu za mmea wa mitungi huoteshwaje?" bila kutaja jina, simjibu mpaka alitaje. Msinikasirikie kwa hilo.

2. Baridi ni ya Sarracenia. Nepenthes muacheni.

Mbegu za Sarracenia hupevuka kiangazi kikiisha na kudondoka majani yanapoanza kupukutika. Kama zingeota siku hiyohiyo, miche yenye majani mawili ingekutwa na theluji na kwisha yote. Kwa hiyo mbegu imejifunga: haioti mpaka ipitie wiki kadhaa za unyevu na baridi, kisha joto lirudi. Sisi tunaigiza majira hayo. Sfagnamu iloweshwe na kukamuliwa mpaka isidondoshe tone, mbegu ziwekwe ndani yake, mfuko ufungwe, friji iwe kwenye nyuzi 2 hadi 5 za Selsiasi, wiki 4 hadi 6. Darlingtonia hufanyiwa vivyo hivyo, na Cephalotus pia hufaidika na baridi.

Mbegu ya Nepenthes haikujifunga hivyo. Ni uzi mwembamba wa kahawia, na katikati ya uzi kuna uvimbe mdogo ambamo kiinitete kimekaa. Huko kwao upepo huibeba, ikatua juu ya kuvumwani mbichi, ikafyonza maji na kuanza kazi. Ukiilowesha umeiamsha. Ukiiamsha kisha ukaiweka kwenye nyuzi 4 kwa mwezi na nusu, haina namna ya kurudi kulala. Inaoza taratibu humo mfukoni.

Nayajua haya kwa sababu nilizioza mbegu za mzee mmoja aliyenifundisha kazi hii. Na ili muelewe uzito wake, kumbukeni kwamba Nepenthes ana dume na jike katika mimea tofauti. Kupata mbegu nyumbani ni lazima mimea miwili, ya jinsia mbili, ichanue wakati mmoja, jambo linaloweza kukusubirisha miaka. Mzee alikuwa na jike lililokuwa likichanua peke yake kila mara. Safari hiyo dume likachanua karibu nalo. Akachukua chavua kwa brashi laini, akaipakaza kwenye maua ya jike moja baada ya jingine, akafanya hivyo asubuhi kadhaa mfululizo kwa sababu maua ya kikonyo hayafunguki yote pamoja. Kisha akangoja vibumba vya mbegu vivimbe, vikauke, vianze kupasuka. Alinipa fungu langu ndani ya karatasi iliyokunjwa.

Wakati huo nilikuwa nimeshaotesha Sarracenia vizuri, na mafanikio hayo ndiyo yaliyonipotosha. Kichwani mwangu kanuni ilikuwa fupi: mimea inayokula wadudu hutaka friji. Sikuuliza. Nililowesha sfagnamu kwa uangalifu wote, nikatandaza nyuzi zile moja moja, nikafunga mfuko, nikaandika tarehe. Zilipotoka baada ya wiki sita zilionekana nzima kwa macho. Nikazisia, nikafunika, nikangoja. Mwezi wa pili nikaweka mbegu moja chini ya lenzi na kugusa ule uvimbe wa katikati kwa ncha ya sindano. Ulipaswa kuwa mgumu kidogo. Ulibonyea kama karatasi iliyolowa, na kilichotoka kilikuwa maji ya kahawia. Nikagusa nyingine, nyingine, nyingine. Zote vilevile.

Nilikaa na habari ile muda mrefu kuliko ilivyofaa. Nilipomwambia, mzee hakunigombeza, na huo ukimya wake ulinikaa moyoni. Aliuliza neno moja tu: "Mwanangu, ulizilowesha kabla ya kuziweka baridini?" Nikasema ndiyo. Ndipo akanieleza jambo ambalo leo namweleza kila anayenitumia picha ya friji. Baridi kavu huhifadhi. Baridi yenye unyevu huandaa mbegu kuota, na hiyo ni kwa zile zilizozaliwa na kawaida hiyo tu. Mbegu za Nepenthes zikiwa kavu kabisa, ndani ya karatasi, ndani ya chombo kilichofungwa vizuri, zinaweza kukaa frijini kwa muda na friji ikapunguza kasi ya kuzeeka kwao. Zikilowa, mahali pake ni kwenye joto na mwanga, siku hiyohiyo.

Kwa hiyo ukishika karatasi ya mbegu ulizopewa na mtu, mpigie kabla ya kugusa maji. Hakuna mkulima wa mimea hii anayechukia kuulizwa. Tunachochukia ni kuambiwa baadaye.

3. Umri wa mbegu.

Sarracenia iliyokauka vizuri hukaa frijini miaka na bado ikaota. Nepenthes hupoteza uhai haraka, ni suala la miezi, kwa hiyo sia mara uipatapo.

4. Jihadharini na wauzaji.

Mbegu ya Nepenthes nimeshaieleza: uzi, uvimbe katikati. Ya Sarracenia ni ndogo, umbo la tone, ina ngozi yenye nta. Ukifungua pakiti ukakuta kitu chenye ukubwa wa mbegu ya nyanya, au punje nyeusi za mviringo zinazong'aa, umeuziwa mmea mwingine kabisa. Na anayekuahidi mitungi ya buluu ya kung'aa anauza picha.

Ulizeni pia kama mbegu zimetoka kitaluni au zimechumwa porini. Nepenthes rajah wa mlima Kinabalu, Nepenthes khasiana wa India na Sarracenia oreophila wa Marekani wote wamo katika Kiambatisho cha 1 cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, daraja la ulinzi mkali kuliko yote. Mimea hii imeibwa sana porini. Mkulima mwema atakuambia jina la mama na jina la baba wa mbegu zake bila kusita.

5. Maji.

Hapa ndipo miche mingi hufia, na hufa polepole kiasi kwamba mwenye miche humlaumu kila mtu isipokuwa maji. Mimea hii imezoea mabwawa na miteremko ambako mvua imeshasafisha udongo wa madini yote. Tunataka maji ya mvua, maji yaliyokenekwa, au ya mtambo wa osmosisi ya kinyume, na kipima TDS, yaani kipimo cha chumvi zilizoyeyuka majini, kisome chini ya 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni). Ukitumia maji ya bomba mwezi wa kwanza hutaona kitu. Mbegu zitaota, miche itasimama, utanitumia picha, nami nitafurahi pamoja nawe. Lakini kila siku maji yanapaa kwenye trei na chumvi zinabaki. Mwezi wa tatu miche inaacha kukua, ncha za majani zinakuwa kahawia, juu ya udongo panafanya utando mweupe. Unaongeza mwanga. Unabadili chungu. Unamwagia maji mengi zaidi, yaleyale.

Mambo mawili nayarudia mpaka sauti inakauka. Kuchemsha maji hakuondoi madini: mvuke unaondoka, chumvi inabaki, kwa hiyo unazidi kuyakoleza. Na kichujio cha mkaa huondoa klorini na harufu, ila chumvi zilizoyeyuka hupita.

6. Udongo.

Mboji ya sfagnamu na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba), au na mchanga wa kwatsi uliooshwa, na usithubutu kuweka mbolea, samadi wala chokaa.

7. Kusia ni kuweka juu, hatufukii.

Mbegu hizi zinataka mwanga. Sarracenia utaziona zikielea na kukataa maji kwa sababu ya ile nta. Ziloweke usiku mmoja kabla ya baridi, ukipenda na tone dogo la sabuni ya maji, kisha zisuuze. Nepenthes hushikana kama nywele kwenye kitana. Ziachanishe kwa kijiti cha meno kilicholoweshwa ncha, uzi mmoja mmoja, uziguse juu ya mboji na kuziacha. Msimwagilie kutoka juu, mtazisukuma zote pembeni mwa chungu. Nyunyizieni ukungu mwepesi wa maji, au wekeni maji kwenye trei yapande yenyewe.

8. Mfuniko na jua haviendi pamoja.

Mfuko wa plastiki angavu juu ya chungu huhifadhi unyevu, na huo ndio uhai wa Nepenthes mpaka ziote. Ila chungu kilichofunikwa kikiachwa kwenye jua kali la dirishani hupika kilichomo, na saa moja inatosha. Mwanga mwingi uliochujwa, au taa za LED kwa saa 12 hadi 14, na joto la nyuzi 22 hadi 28 huwafaa walio wengi. Nepenthes wa milimani wapeni usiku wenye ubaridi kidogo.

9. Ukungu mweupe.

Mkiuona msiikimbilie chupa ya dawa. Mara nyingi ukungu huanza na mbegu zilizokufa au na mabaki ya vibumba mliyoyasia pamoja na mbegu kwa uvivu wa kupepeta. (Pepeteni!) Toa kilichoota ukungu kwa kibanio, fungua mfuniko kidogo hewa izunguke. Vinzi vyeusi vinavyorukaruka juu ya udongo ndivyo wa kuogopwa, kwa kuwa mabuu yao hula mizizi ya miche. Wategeeni karatasi za njano zenye gundi, na kwenye maji ya trei tumieni Bti, bakteria inayoua mabuu hao na isiyodhuru mche.

10. Kungoja.

Sarracenia zikitoka baridini huota kwa kawaida ndani ya wiki 2 hadi 5. Nepenthes huanzia mwezi mmoja, nyingine miezi mitatu, nyingine zaidi, na za chungu kimoja haziamki pamoja. Msikoroge udongo kutazama kama kuna kitu. Msimwage chungu. Nimeona watu wakimwaga chungu cha Sarracenia kilichoota mbegu tatu tu, kumbe zilizobaki zingeota baada ya baridi ya mwaka unaofuata.

Na siku zikiota, pigeni magoti mtazame kwa karibu, maana watu wengi hulipita jambo hili. Majani mawili ya kwanza ni ya kawaida tu. Jani linalofuata ni mtungi. Ni wa milimita chache, una mdomo wake, umesimama juu ya mche ambao ungeweza kuukalisha kwenye ukucha. Mmea haungoji ukue ndipo uwinde. Kwa hiyo msiulishe nyama, wala jibini, wala nzi mkubwa kuliko mche wenyewe. Vidudu vya udongo wenyewe vinautosha.

Kutoka hapo mpaka Sarracenia aliyekomaa ni miaka 3 hadi 5. Nepenthes wengi wanachukua zaidi.

11. Lebo.

Miche ya Sarracenia ya mwaka wa kwanza inafanana yote: flava, leucophylla, purpurea, mahuluti yao yote, hutazitenganisha. Na Sarracenia huzaana wao kwa wao kwa urahisi mno, kwa hiyo lebo ikifutika, jina halitarudi hata mmea ukikomaa. Kalamu za wino hupauka kwenye mwanga na unyevu. Andikeni kwa penseli: mama, baba, tarehe ya kuingia baridini, tarehe ya kusia. Lebo ya pili izamisheni ndani ya udongo wa chungu hichohicho, kwa sababu ile ya juu siku moja itang'olewa na mtoto au paka.