Taa ya injini imewaka baada ya kuosha injini

Pole sana, mdau. Kama gari lilikuwa zima kabla ya kuoshwa na sasa linamisi (silinda hazichomi mafuta sawasawa) huku taa ya injini ikiwaka, usikimbilie kununua sensa mpya. Mara nyingi sensa yenyewe ni nzima, ila maji ya presha yameingia kwenye konekta yake na kuvuruga umeme unaopeleka taarifa kwenye kompyuta ya gari.

Zima injini, toa waya hasi wa betri, kisha anza na koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Zing'oe moja moja uchungulie kwenye matundu ya plagi. Hapo ndipo maji hutuama, na tundu moja tu lenye maji linatosha kufanya silinda imisi. Yapulize kwa kompresa kabla hujafungua plagi yoyote, la sivyo maji yatashuka ndani ya silinda. Halafu fungua konekta za sensa, hasa ya hewa inayoingia kwenye injini na ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni). Ukiona ukungu wa kijani kwenye pini, hiyo ni kutu: safisha kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia konekta, acha zikauke kabisa.

Likiendelea kumisi, pima kwa mashine ya kusoma kodi za hitilafu. Kodi P0300 ni kumisi kwa ujumla. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea.

Tafadhali, taa ikiwa inawaka na kuzima usiliendeshe hivyo. Mafuta yasiyoungua yanaingia kwenye ekzosi na kuunguza masega (kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi), na masega ni ghali kuliko koili.