Tangawizi Ichemke, Chungwa Lisubiri

Nimezaliwa Muheza, mkoa wa Tanga, ambako baridi tuliisikia kwa wageni. Ndoa ndiyo iliyonileta Njombe, na huu ni mwaka wa tisa. Mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni mpaka Agosti kipupwe kinaingia mpaka kwenye mifupa, upepo unakata masikio, na saa 11 alfajiri maji ya bombani yanauma vidole. Ndani ya saa hiyo ndipo nilipokuwa nasimama jikoni kumenya tangawizi, kutwanga iliki, kukamua limau, watoto wakisubiri kitu cha moto kabla ya kwenda shule. Vidole vilikuwa vinakufa ganzi, na mara mbili nilijikata.

Siku hizi sifanyi hivyo. Jumapili mchana nachemsha sufuria moja ya shira ya viungo, naiweka kwenye chupa, na wiki nzima kazi ya asubuhi ni kuchemsha maji tu. Mwanangu wa darasa la nne anajichanganyia mwenyewe. Nataka kueleza ninavyofanya, lakini nianze na nilivyoharibu mwaka wa kwanza, kwa sababu naona wengi wanaharibu hapohapo.

Mdogo wangu alinitumia gunia la machungwa kutoka nyumbani. Nashukuru Mungu kwamba msimu wa machungwa ya Muheza unaangukia miezi hii hii ya baridi. Basi nikakata machungwa na malimau vipande pamoja na maganda, nikatumbukiza kwenye sufuria na tangawizi, karafuu, mdalasini, kila kitu kwa pamoja, nikachemsha saa nzima. Nikajaza kwenye chupa za plastiki zilizokuwa za soda. Asubuhi nikampelekea mama mkwe kikombe, nikitaka aonje ladha ya kwetu. Alikunywa nusu, akakiweka chini taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni dawa ya nini?" Ilikuwa chungu kama mwarobaini. Siku ya nne chupa moja ikavimba, nyingine ikafyatua kifuniko. Gunia la machungwa, sukari kilo mbili, vyote vikamwagwa. Iliniuma sana.

Uchungu ulitoka wapi? Ulitoka kwenye ile ngozi nyeupe iliyo chini ya ganda, na kwenye mbegu. Ukivichemsha, vinaachia uchungu wao wote majini. Na hata juisi tupu: yapo machungwa ambayo juisi yake huongezeka uchungu ikipashwa moto au ikilala. Juu ya hilo, moto unafukuza ile harufu changa ya chungwa na unapunguza vitamini C. Kwa hiyo unachemsha kwa saa nzima kitu ambacho utamu wake wote uko kwenye ubichi. Tangawizi na mdalasini ni kinyume chake: vinataka moto na muda ndipo vitoe vilichonacho ndani. Nilipolielewa hilo, nikatenganisha. Viungo vinapikwa kabla, chungwa linakamuliwa kikombeni.

Sasa kipimo changu. Nachukua tangawizi mbichi nusu kilo. Huku kwetu nyingi inatoka Madaba, barabara ya Songea, na ni kali, ya kutosha. Simenyi, naisugua vizuri kwa brashi na maji, naikata vipande, naiponda kwenye kinu. Inaingia kwenye maji lita mbili na nusu pamoja na vijiti vinne vya mdalasini na punje 10 za pilipili manga. Ikishachemka napunguza moto, iwe inatokota tu polepole, kama dakika 50. Mchaichai ukiwepo nafunga fundo moja naongeza.

Iliki na karafuu sivitii mwanzo. Harufu yao ni nyepesi, inapanda na mvuke. Ukivitia mapema jikoni kutanukia vizuri na kikombeni hutakuta kitu. Natia dakika 10 za mwisho: iliki 20 zilizopasuliwa, karafuu 12. Karafuu zihesabu, tafadhali. Mimi ni mtu wa pwani na karafuu naipenda, lakini ikizidi inatia ulimi ganzi na kufunika ladha nyingine zote. Wakati huohuo natia maganda ya malimau manne, ila ganda lile la juu tu, la rangi, lililomenywa kwa kisu kikali. Nyeupe ibaki kwenye limau.

Halafu nachuja kwa kitambaa safi, nakamua makapi mpaka tone la mwisho. Inabaki kama lita moja na nusu. Narudisha sufuriani, natia sukari robo tatu kilo, nakoroga mpaka iyeyuke, ichemke tena dakika 10. Mwisho natia juisi ya yale malimau manne. Hapa limau halipo kwa ajili ya ladha peke yake, ukali wake unasaidia shira isiharibike upesi. Hiyo inatoa vikombe 40 hivi, kwa vijiko vitatu vikubwa kila kikombe.

Makapi usiyatupe siku hiyo. Yachemshe mara ya pili na majani ya chai, inatoka chai ya rangi nzuri sana ya jioni.

Kuhusu chupa, nimekuwa mkali. Chupa ziwe za kioo, zilizooshwa na kuchemshwa pamoja na vifuniko. Na wenzangu wa nyanda za juu wakumbuke jambo moja: kwa kimo chetu maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, hayafiki 100 kama ya Tanga. Yanatoa mapovu kama kawaida lakini moto wake ni pungufu. Ndiyo maana mimi chupa naziacha kwenye maji yanayochemka dakika 20, pale ambapo mtu wa pwani angeridhika na 10. Nazitoa zikiwa za moto, najaza shira ikiwa ya moto, nafunika. Chupa ya baridi ukiimiminia kitu cha moto itapasuka mkononi.

Ikipoa inakwenda kwenye friji na inakaa wiki mbili. Watu huniambia, "Njombe yote ni friji, ya nini kuiweka ndani?" Hapana. Mchana jua likitoka dirishani kuna joto la kutosha kuamsha chachu. Asiye na friji apike nusu ya kipimo hiki na aimalize ndani ya siku tatu, na kila jioni aichemshe upya. Ukiona povu, utando au ukisikia harufu ya pombe, mwaga yote, usijaribu kuokoa ya chini. Mwenye friza amimine nyingine kwenye trei ya barafu. Vipande viwili kwenye kikombe cha maji ya moto vinatosha. Kwa mwenye kisukari napika isiyo na sukari kabisa, na hiyo lazima igandishwe, kwa kuwa sukari nayo ilikuwa ikisaidia kuilinda.

Machungwa yenyewe hayahitaji kukamuliwa mapema. Chungwa zima ndiyo chupa bora kuliko zote. Yatoe kwenye gunia siku yanapofika, yatandaze chumba chenye hewa, na kila baada ya siku mbili pitia uondoe lenye ukungu, maana moja linaambukiza jirani zake. Kwa baridi ya huku yanakaa wiki mbili tatu bila tabu. Na usiyakatae kwa sababu ganda ni la kijani! Majirani zangu walidhani naletewa mabichi. Chungwa la Muheza linaiva likiwa kijani kwa sababu usiku wa kwetu hauna baridi ya kuligeuza rangi. Lipime kwa uzito wake mkononi. Zito ndilo lenye maji.

Asubuhi basi: shira vijiko vitatu, maji ya moto, subiri dakika mbili tatu, ndipo ukamue nusu chungwa juu yake. Koroga, kunywa. Chenza nalo linafaa sana. Balungi mimi situmii, kwa sababu linagongana na baadhi ya dawa, zikiwemo baadhi za presha na za lehemu (mafuta yanayozidi kwenye damu), na nyumbani kwetu wazee wanazitumia.

Kuna na chupa nyingine ndogo ambayo siikosi: vipande vyembamba vya limau visivyo na mbegu, vimepangwa na asali, tabaka kwa tabaka, asali ifunike juu. Inakaa friji. Kijiko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu kinalainisha koo linalowasha. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka usimpe asali hata ya kulambisha, inaweza kumletea sumu ya hatari sana. Na vinywaji hivi vinapasha mwili na kutuliza koo, haviponyi homa. Mtoto anayehema kwa shida mpeleke zahanati, usikae kumchemshia tangawizi. Nakumbuka mwaka 2020, wakati wa korona, watu walivyokunywa tangawizi na malimau kutwa mara tano mpaka matumbo yakawaka. Kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni vinatosha. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize kwanza daktari wake.

Jambo la mwisho kuhusu jiko, nalisema kwa uzito wote. Sufuria hii inakaa motoni zaidi ya saa nzima, na wengi tunapikia mkaa. Kwa baridi hii mtu anashawishika kuingiza jiko ndani, afunge mlango, shira itokote huku chumba kinapata joto. Usifanye hivyo. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wamelala nayo hawakuamka. Pikia nje au fungua dirisha na mlango, uvae koti.

Nikienda shamba nabeba shira na maji ya moto kwenye chupa ya chai. Chungwa halimo. Nalitia zima kwenye mfuko wa koti pamoja na kisu kidogo, na saa nne tukikaa kupumzika nalikata hapo, nusu kikombe changu, nusu cha mama mkwe.