Nondo zenye kutu ndani ya zege: tiba ya umeme inafanya kazi, ila pima kwanza

Mkuu, umesema nguzo zako zilizibwa viraka na sasa zege linapasuka pembeni mwa viraka vilevile, na unauliza kama tiba ya umeme ni ya kweli. Ni ya kweli, nimeifanyia kazi.

Viraka vyako huenda vilichanganywa vizuri kabisa. Kwenye zege lenye chumvi, sehemu ya nondo inayoliwa huwa inazikinga sehemu za jirani. Ukiiziba kwa zege jipya, kinga hiyo inaisha na kutu inahamia pembeni, ambako chumvi bado ipo.

Kwa hiyo bainisha chanzo. Vunja kipande na ukinyunyizie fenolftalini (kemikali ya kupima ualkali) papo hapo: zege lisiloharibika linageuka waridi iliyokolea, lililoharibiwa na hewa ukaa linabaki na rangi yake. Kama waridi inafika hadi karibu na uso na nondo bado zinaliwa, peleka unga wa zege maabara upimwe kloridi (sehemu ya chumvi inayoleta kutu) kwa kila kina.

Ikiwa ni kloridi, nguzo inafungwa wavu wa titani uliofunikwa nyuzi za karatasi zilizoloweshwa maji ya chokaa. Wavu unaunganishwa na ncha chanya ya chanzo cha umeme, nondo na ncha hasi. Kloridi ina chaji hasi, hivyo inasukumwa kutoka kwenye nondo kuelekea nje, huku ualkali, unaokinga chuma na kutu, ukizalishwa upya juu ya nondo. Mkondo ni kama ampea 1 kwa kila mita ya mraba ya zege, kwa wiki 4 hadi 8. Ikiwa ni hewa ukaa, hutumika sodiamu kaboneti badala ya chokaa na kazi huisha kwa siku kadhaa tu.

Sehemu inayoharibu kazi nyingi ni muungano wa nondo. Fukua nondo sehemu mbalimbali, zikwangue mpaka zing'ae, kisha upime kati yao kwa multimita. Ukinzani ukizidi ohmu 1, au namba ikichezacheza, usiwashe. Nondo iliyojitenga haipati tiba, na mkondo unaopita ndani yake unaweza kuila kwa kasi zaidi. Ichomelee na wenzake kwanza. Pia weka mtu wa kulowesha nyuzi kila siku. Zikikauka, mkondo unashuka.

Kama ndani kuna nyaya zilizovutwa kwa nguvu badala ya nondo za kawaida, achana na njia hii. Haidrojeni inayozalishwa juu ya chuma hicho inaweza kukifanya kikatike ghafla.

Nisikufiche: kloridi haitoki yote, hasa ile iliyo nyuma ya nondo. Baadaye paka uso wa zege rangi ya kuzuia chumvi. Kama nguzo zinasimama ndani ya maji ya bahari, mimi ningechagua kinga ya kudumu, yenye mkondo mdogo wa miliampea 5 hadi 20 kwa mita ya mraba ya chuma, usiozimwa.

Tuwekee hapa majibu ya fenolftalini na ya multimita, tuendelee kutoka hapo.