Umeshinda uongozi wa chama, lakini nusu ya ukumbi haikukutaka

Ukishinda uongozi wa chama kwa kura chache, simu yako italia usiku kucha. Zisikudanganye pongezi hizo, kwa sababu karibu zote zinatoka kwa watu waliokupigia kura. Wale wengine wamezima simu.

Tazama hesabu hizi. Mwaka 1995 mjini Dodoma, Benjamin Mkapa aliteuliwa na CCM kugombea urais kwa kura 686 dhidi ya 639 za Jakaya Kikwete katika duru ya pili. Desemba 2017, Cyril Ramaphosa alichaguliwa kuwa rais wa ANC, chama tawala cha Afrika Kusini, kwa kura 2,440 dhidi ya 2,261 za Nkosazana Dlamini-Zuma. Januari 2025, ukumbi wa Mlimani City, Tundu Lissu alipata kura 513 na Freeman Mbowe, aliyekuwa ameiongoza CHADEMA, chama cha upinzani Tanzania, tangu 2004, akapata 482. Kote huko mshindi alibebwa juu juu, na karibu nusu ya wajumbe wakapanda mabasi kurudi kwao wamenuna.

Mimi nimefanya kazi ya chama kata na wilaya kwa miaka mingi, huku Kanda ya Ziwa. Chama gani, tuliache hilo, maana mambo haya hayana rangi ya bendera. Nimewahi kuwa mpambe wa aliyeshindwa, nimewahi kuwa kambi iliyoshinda, na nimewahi kuwa katibu ambaye kila kambi ilimshuku. Kama wewe ni rais mpya wa nchi au mwenyekiti mpya wa wilaya, ushauri wangu ni mmoja, mengine yote ni matawi yake: anza na watu wa chini wa mwenzako kabla hujamshughulikia mwenzako mwenyewe.

Wakubwa wawili wanajua kupatana. Kesho yake watashikana mikono mbele ya kamera, watacheka, watapiga picha. Mbowe alikubali matokeo na kumpongeza Lissu mapema tu. Kikwete naye mwaka 1995 alikubali bila kelele. Lakini kuna katibu wa kata aliyezunguka na pikipiki mwezi mzima akimnadi aliyeshindwa, akagombana na shemeji yake, akaitwa majina. Huyo hana kamera. Anasubiri aone kama ataitwa kwenye kikao cha Jumamosi.

Wilayani kwetu, baada ya uchaguzi mmoja mkali wa ndani, haikupita hata wiki moja. Makatibu wa upande ulioshindwa walitolewa kwenye grupu la WhatsApp la wilaya, mmoja baada ya mwingine. Wawili walinyang'anywa mhuri na funguo za ofisi na kijana aliyetumwa tu, hana hata barua. Mwenyekiti mpya hakuagiza lolote kati ya hayo. Baadhi aliyasikia miezi kadhaa baadaye. Ni machawa wake waliotaka kumfurahisha, na wengine walikuwa wanamalizia ugomvi wao wa zamani kwa kutumia jina lake. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipofika, kata hizo zilikuwa kimya. Hakuna aliyehama chama, hakuna aliyechoma kadi. Watu walikaa tu nyumbani. Mawakala waliopangwa vituoni wakawa wanaumwa siku hiyohiyo, wote kwa pamoja. Tulipoteza mitaa ambayo hatukuwahi kuipoteza, na kwenye tathmini ikaandikwa kwamba tatizo lilikuwa fedha.

Mwenyekiti aliyekuja baadaye aliifanya kazi kinyume kabisa, na safari hiyo mimi nilikuwa upande ulioshindwa. Kwanza aliwaita wapambe wake mwenyewe, akawakataza kijembe cha aina yoyote, barazani na mitandaoni. Akasema atakayemtukana mtu kwa kura aliyoipiga asihesabu cheo kwake. Halafu akaanza ziara ya kata, na akaanza na zile alizokosa kura. Kwangu alikuja jioni, bila msafara. Mke wangu akatenga chai. Nilijiandaa kwa mazungumzo ya uchaguzi, hayakuja. Aliniuliza, "Katibu, rejesta yako ina wanachama wangapi wanaolipa ada kweli?" Nikamwambia ukweli, kwamba walio hai kwenye daftari ni wachache kuliko tunaowatangaza. Akasema anataka daftari hilo lisahihishwe wilaya nzima na kwamba mimi ndiye nitakayesimamia tarafa yetu. Hakuniomba radhi, wala hakutaka nimwombe. Alinipa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ya maana. Nilimpigania mtu yule katika uchaguzi uliofuata kuliko baadhi ya waliokuwa wake tangu mwanzo.

Tukipanda juu, Mkapa alifanya jambo la namna hiyo kwa kipimo cha nchi. Alipounda serikali yake ya kwanza mwishoni mwa 1995 alimpa Kikwete Wizara ya Mambo ya Nje, na Kikwete akakaa hapo miaka 10, hadi alipogombea na kushinda mwaka 2005. Mpinzani wako wa kura 47 kumpa wizara nzito, na kumwacha akue humo mpaka awe mrithi wako, kunahitaji kifua. Viongozi wengi humpa aliyeshindwa cheo cha kumnyamazisha: mshauri wa hiki, mwenyekiti wa bodi fulani, gari na dereva bila ofisi. Wafuasi wake wanaona. Mkeka, yaani orodha ya uteuzi, ukitoka wanausoma kwa makini kuliko wanavyosoma hotuba yako ya umoja.

Nisiwe mwongo, Mkapa alikuwa na kitu ambacho wengi hawana: serikali ya kugawa. Rais mpya wa nchi ana wizara, mikoa, balozi. Mwenyekiti wa chama cha upinzani ana nini? Ana sekretarieti, nafasi chache za kamati kuu, na sikio lake. Lissu alipopendekeza John Mnyika aendelee kuwa katibu mkuu, kazi aliyokuwa akiifanya tangu enzi za Mbowe, ulikuwa uamuzi wa hekima kwa maoni yangu. Lakini manaibu wawili wa zamani, Benson Kigaila na Salum Mwalimu, walibadilishwa, na Mei 2025 wote wawili wakaondoka na wenzao wakahamia CHAUMMA, chama kingine cha upinzani. Simlaumu Lissu kwa haraka. Mwenyekiti ana haki ya kupanga timu yake, na yeye alikamatwa Aprili 9 akashtakiwa kwa uhaini, kwa hiyo hakupata hata miezi 3 ya kuzunguka na kuongea na watu. Kuunganisha chama ukiwa mahabusu sijui kama kuna anayeweza.

Mkasa huohuo unafundisha jambo jingine ambalo viongozi wapya hulichanganya. Kundi la G-55 ndani ya CHADEMA lilipinga msimamo wa chama wa kutokwenda kwenye uchaguzi bila mabadiliko ya mfumo. Walitaka chama kishiriki. Ndani yake bila shaka walikuwamo walioumia kwa matokeo ya Januari. Lakini mwenye donge la kushindwa na mwenye hoja tofauti juu ya njia hawatibiwi kwa dawa moja. Wa kwanza umtembelee, umpe kazi, umpe muda. Wa pili umwitie kikao, umpe nafasi aseme mbele ya wote, mpige kura, iandikwe kwenye muhtasari. Ukimpa cheo mwenye hoja ataona unamnunua. Ukimpeleka mwenye donge kwenye kura utamwongezea donge. Na ukiwaita wote wasaliti, umewaunganisha wao kwa wao.

Kuna mtego kwa walioshinda kwa kishindo pia. Kikwete mwaka 2005 aliteuliwa kwa kura 1,072, Salim Ahmed Salim akapata 476 na Mark Mwandosya 122. Ungedhani makundi yamekwisha. Ufa mkubwa ulitokea ndani ya wanamtandao wenyewe, yaani kundi la wapambe wake lililomwingiza madarakani. Februari 2008 Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, na kuanzia hapo CCM ilikuwa na ugomvi wa marafiki, ambao ni mbaya kuliko wa maadui kwa sababu kila mmoja anajua siri za mwenzake. Aprili 2011 chama kikatangaza kujivua gamba, yaani kuwaondoa viongozi waliotuhumiwa ufisadi. Rostam Aziz aliachia ubunge wa Igunga Julai mwaka huohuo. Wengine walibaki palepale, na mwaka 2015 Lowassa alikuwa bado ana nguvu kiasi kwamba wajumbe wa Halmashauri Kuu walimwimba kikaoni baada ya jina lake kukatwa kwenye orodha ya wagombea urais. Kama huwezi kutoa adhabu, usiitangaze. Mtu aliyetishiwa hadharani halafu akaachwa anatoka na wafuasi wengi zaidi.

Lowassa alihamia CHADEMA Julai 28, 2015, na Oktoba akapata asilimia 39.97 ya kura za urais. John Magufuli wa CCM alishinda kwa 58.46. Magufuli alipokabidhiwa uenyekiti Julai 2016 alichagua mkono wa chuma. Machi 2017 Sophia Simba alifukuzwa uanachama, Emmanuel Nchimbi akapewa karipio, Adam Kimbisa akasamehewa. Hao watatu ndio waliojitokeza hadharani 2015 kuupinga uamuzi wa Kamati Kuu wa kumkata Lowassa. Kosa moja, hukumu tatu. Mimi ningependa kosa moja lipate adhabu moja, kwa sababu wanachama hupima kila neno la aina hiyo na kutafuta nani kapendelewa. Hata hivyo nakubali kwamba kufukuza mtu si dhambi. Chama kisichofukuza yeyote kinakuwa stendi ya mabasi. Swali ni lini. Miezi ya kwanza, vidonda vikiwa vibichi, kila adhabu itasomwa kama kisasi hata ikiwa ya haki. Subiri kosa jipya, lililotendwa chini ya uongozi wako.

Pale ambapo sitakushauri kugawana ni katibu mkuu. Kongamano la ANC la 2017 liligawa viongozi sita wa juu nusu kwa nusu, na Ramaphosa akapewa Ace Magashule wa kambi ya Dlamini-Zuma kuwa katibu mkuu. Ulionekana kama umoja. Kwa miaka rais alisema hili na ofisi ya chama ikasema lile, hadi Magashule alipositishwa Mei 2021 na kufukuzwa Juni 2023. Desemba 2023 Jacob Zuma, rais wa zamani wa nchi na wa ANC, akatangaza kuunga mkono chama kipya cha MK, na Mei 2024 ANC ikashuka hadi asilimia 40 kutoka 57 za 2019. Sababu za anguko hilo ni nyingi, umeme na ajira zikiwamo. Lakini kwa uzoefu wangu wa wilayani, mwenyekiti na katibu wasiosikilizana hawawezi hata kuandaa mkutano wa hadhara: mmoja anaita watu saa nane, mwingine anafunga bomba la posho. Mpe mpinzani wako wizara, kampeni, hata unaibu. Ukatibu mpe mtu mnayeelewana, awe ametoka kambi yoyote.

Na watakaoondoka, maana wataondoka wachache hata ufanye nini? Wakataze watu wako kuwatukana. Lowassa alirudi CCM Machi 2019. Nchimbi wa karipio akawa katibu mkuu wa chama hichohicho Januari 2024. Anayerudi ningemwanzishia tawini kwake, alipe ada, ahudhurie vikao na waliobaki, ndipo nifikirie jina lake kwenye mkeka wowote. Ukimpandisha siku ya kupokea kadi, yule katibu wa kata aliyevumilia bila cheo atakuuliza yeye alibaki kwa faida gani, na sijawahi kumsikia kiongozi mwenye jibu zuri la swali hilo.