Zitoe juu ya friji leo

Ndugu yangu, umeuliza kama chupa zako za mvinyo wa Ufaransa zinaweza kukaa miaka 10 juu ya friji hapo Tabora. Hapana, zitoe leo. Pale kuna joto na mtikisiko, na Oktoba yetu unaijua. Mvinyo wa kutunza unataka nyuzijoto 12 hadi 14 zisizopandashuka, na giza. Zilaze ubavu, kizibo kiloe; kikikauka kinasinyaa, hewa inapenya. Yangu moja niliisimamisha kabatini kiangazi kizima: nikakuta kizibo kimesukumwa juu, shingo inanata, ndani siki tupu. Iliniuma sana. Nunua friji maalumu ya mvinyo, na umeme ukikatika usiifungue hata kidogo.